Ziwa lililotuhama Ujiji, na vumbi ambalo halikuja

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima sijaandika kitu, na wengine mmeshaanza kunitumia meseji mkiuliza kama nimedisko. Bado nipo jamani. Zilikuwa tesiti za kufuatana, halafu bumu likachelewa, halafu hili vumbi la Dodoma. Mliosoma huku mnanielewa. Mwezi wa tisa ukishaingia unafua shuka asubuhi, jioni unalianua limeshakuwa na rangi ya ugali wa mtama. Rumeti wangu ni mtu wa Tanga na ana pumu. Wiki iliyopita tulikesha wawili zahanati, yeye kwenye kitanda mimi kwenye benchi, nikimsikiliza anavyovuta pumzi. Kwa hiyo kwangu vumbi siku hizi si kitu cha kufuta mezani tu.

Sasa katika hali hiyo ndipo mhadhiri wetu wa jiografia akatuletea mada ya maziwa yaliyokauka na vumbi linaloruka kutoka kwenye sakafu zake. Mfano wake mkubwa ulikuwa Ziwa Owens la California, nitawaeleza mbele. Kwenye diskasheni jamaa mmoja akanitania: "Wewe mtu wa mwisho wa reli, siku Tanganyika yenu ikikauka mtakula vumbi mpaka Kasulu." Watu wakacheka, maana Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, nani atalikausha? Na mimi nikacheka. Lakini nikabaki nalo kichwani, kwa sababu sie watu wa Ujiji tunajua jambo ambalo wale hawalijui. Ziwa lile limeshawahi kutukimbia. Halikukauka lote, ila lilishuka kama mita 10 ndani ya miaka isiyofika ishirini, likaacha nchi kavu mahali palipokuwa na maji. Nyumba ya bibi niliyokulia iko jirani na nchi hiyo. Ndipo swali likanikaa: mbona sisi hatukupata vumbi kama la Owens?

Basi nikaweka madesa pembeni siku mbili, nikaingia maktaba. Hiki ndicho nilichokusanya. Ni kirefu, kaeni vizuri.

Nianzie kwenye mwembe, maana kila mtoto wa Ujiji amepelekwa pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Mimi nilipelekwa nikiwa darasa la tano. Hadithi mnaijua: mwishoni mwa 1871 Stanley alifika Ujiji akamkuta Livingstone mgonjwa na ameishiwa kila kitu, wakasalimiana chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulishakufa, iliyopo leo ni vizazi vyake. Mwenzetu mmoja siku ile akamwuliza mwalimu: kama yule mzee alikaa pembeni ya ziwa, ziwa lenyewe liko wapi? Kwa kweli ukisimama pale kwenye mnara, maji yako mbali, unashuka mita mia kadhaa ndipo uyafikie. Mwalimu akajibu kwamba ziwa limesogea, akaendelea na habari za biashara ya watumwa. Ziwa limesogea! Kama vile mtu amesogeza kiti. Nimekuja kujua hiyo "limesogea" ina maana gani miaka kumi baadaye, nikiwa chuo.

Kabla sijaendelea, msidhani namaanisha historia ya Ujiji inaanza na wazungu. Mji ulikuwepo, na soko lake, na njia ya misafara kutoka pwani iliyokanyagwa na Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu. Wazungu nawatumia kwa sababu moja tu: waliandika tarehe, na bila kukusudia wakatuachia kumbukumbu ya kina cha maji.

Wa kwanza ni Burton na Speke, Februari 1858. Tangu hapo wasomi wa Ulaya wakaanza kubishana: maji ya ziwa hili yanatokea wapi? Swali halikuwa la kipuuzi. Ziwa likiwa linapokea mito na halina mlango wa kutolea maji, jua hunywa maji na kuacha chumvi, mwaka baada ya mwaka, mpaka ziwa linakuwa la chumvi au la magadi. Tanganyika maji yake ni baridi, tunakunywa. Kwa hiyo lazima kuwe na mlango. Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi Novemba 1871 wakaenda hadi kaskazini kuangalia mto Rusizi, wakitumaini unatoka. Wakakuta unaingia. Kazi bure.

Februari 1874 akafika Ujiji Cameron, naye akaenda kuzunguka upande wa kusini, na Mei mwaka huo akaona Lukuga upande wa magharibi, pale ilipo Kalemie ya leo, ndani ya Kongo. Akasema huu ndio mlango. Ila mdomo wa mto ulikuwa umezibwa na matete na majani. Miaka miwili baadaye, 1876, Stanley akarudi Ujiji, akalizunguka ziwa zima, akaenda Lukuga kuhakikisha. Akasema hapana, huu sio mto bado, ni kizuizi cha tope na majani, lakini maji yakiendelea kupanda utakuwa mto. Na kupanda aliona kwa macho yake: miti mitatu ya jamii ya mchikichi aliyoiacha imesimama sokoni Ujiji 1871 aliikuta 1876 imeshaingia ziwani, na mchanga aliokuwa akitembea asubuhi na Livingstone ulikuwa umefunikwa na maji.

Yaani hebu fikirini. Wakati ule, chini ya Mwinyi Kheri aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara wa Ujiji, watu walikuwa wanaogopa ziwa litawameza. Stanley mwenyewe alisimuliwa pale Ujiji hadithi ya asili ya ziwa: palikuwa na kisima kidogo chenye samaki, siri ya mtu na mkewe, mke akamwonyesha mpenzi wake, kisima kikapasuka kikafunika nchi na watu wote. Mie nahisi hadithi kama ile inasimuliwa kwa sauti tofauti wakati maji yako kwenye kizingiti cha soko.

Halafu mambo yakageuka. Agosti 1878 akafika Hore, mwanamaji wa misheni ya London, na kwa kuwa ni baharia jambo la kwanza alilofanya ni kuanza kupima maji. Alipokwenda Lukuga 1879 hakukuta matete yaliyoziba. Alikuta mto unakimbia kwa nguvu kuelekea Kongo. Joseph Thomson alipita mwishoni mwa mwaka huohuo akaona hivyohivyo. Kwa hiyo Cameron na Stanley waliokuwa wakipingana wote walikuwa sahihi, kila mmoja kwa mwaka wake.

Mkulima wa mpunga ataelewa kilichotokea kuliko sisi wenye vitabu. Una jaruba lako, umelizungushia tuta la udongo, mvua inanyesha. Maji yakianza kupita juu ya tuta, hata kwa unene wa kidole, hutakuta kidole ukirudi. Yanakula udongo, tundu linapanuka, jaruba linamwagika mpaka maji yafike kwenye udongo mgumu. Lukuga ndiyo ilikuwa tuta. Miaka ya mvua nyingi ilijaza ziwa, maji yakaruka kizuizi, yakakichimba, na ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650 likaanza kumwagika kuelekea Bahari ya Atlantiki. Kutoka kilele cha 1878 hadi katikati ya miaka ya 1890 lilishuka takribani mita 10.

Mita 10 kwa mtu wa Dodoma ni kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, basi. Kwa ufukwe wa tambarare ni kitu kingine kabisa. Chukua ardhi inayoinuka mita 1 kwa kila mita 50 unazotembea. Ziwa likishuka mita 10, unapata ukanda mkavu wa nusu kilomita. (Wenzangu wa ualimu wa hisabati, hilo swali mnaweza kulitumia BTP, nimewapa bure.) Ujiji ni tambarare ya namna hiyo. Kigoma mjini siyo, kule kuna ghuba yenye kina na vilima vinavyoikinga, mita 10 hazikuiumiza. Mimi naona hapo ndipo ndugu zetu wa Kigoma walipotupita. Wajerumani walipoleta reli 1914 waliileta hadi Kigoma, na ni Kigoma ilipoungwa ile meli ya Graf von Götzen ambayo baadaye ikawa MV Liemba. Ujiji, mji uliokuwa unajulikana Zanzibar na London kabla Kigoma haijawa kitu, ukabaki na ufukwe mpana na mitumbwi.

Sasa turudi kwenye swali. Ufukwe mpana, mkavu, uliokuwa chini ya maji juzi tu. Kwa nini haukugeuka kuwa mashine ya vumbi?

Tuangalie Owens. Mwaka 1872, mwaka mmoja tu baada ya ule mkutano wa chini ya mwembe, kwenye Ziwa Owens ilizinduliwa meli ya moshi iliyoitwa Bessie Brady, ya kuvusha fedha kutoka migodini. Yaani lilikuwa ziwa la meli. Ila ni ziwa lisilo na mlango wa kutolea maji, kwa hiyo lilikuwa limeshakuwa la chumvi na magadi. Mwaka 1913 jiji la Los Angeles lilifungua mfereji wa kuchukua maji ya mto uliokuwa unalilisha, kilomita zaidi ya 300 kutoka jijini. Kufikia 1926 ziwa limekauka. Sakafu yake ya kilomita za mraba kama 280 ikaachwa wazi kwenye bonde la upepo, ambalo mvua yake kwa mwaka haifiki milimita 200.

Kinachotokea pale ni kizuri kukijua. Chini ya sakafu bado kuna maji ya magadi. Wakati wa baridi yanapanda juu kidogokidogo kama mafuta ya taa kwenye utambi, yanakauka, yanaacha chumvi. Chumvi hizo zikipata unyevu na baridi hubadilika umbo, zinavimba, na ule ukoko mgumu wa juu unapasuka na kuwa unga mwepesi. Upepo ukija unarusha punje za mchanga, punje zinagonga ukoko kama mtu anayetwanga, unga unapanda hewani. Chembe zenyewe ni ndogo kuliko mikromita 10, unywele wa mtu unazizidi mara kadhaa kwa unene, kwa hiyo pua haizikamati, zinakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kwa miaka mingi sakafu ya Owens ilikuwa chanzo kimoja kikubwa kuliko vyote vya vumbi la aina hiyo katika Marekani nzima. Niliposoma hapo nilimwangalia rumeti wangu amelala na kile kipulizio chake pembeni ya mto, nikafunga kitabu kidogo.

Aral ndiyo hivyohivyo, tena mbaya zaidi. Mito yake ilipelekwa kumwagilia pamba kuanzia miaka ya 1960, na vumbi lake limebeba na dawa za mashambani.

Na sisi? Sisi tuliokolewa na kitu kilekile kilichotukimbiza ziwa, yaani Lukuga. Kwa kuwa Tanganyika lina mlango, hata kama ni mlango unaozibwa na kuzibuka, chumvi haijapata nafasi ya kurundikana hadi liwe ziwa la magadi. Sakafu iliyobaki wazi Ujiji ilikuwa mchanga na tope la maji baridi. Ukitaka ushahidi usiohitaji maabara, angalia Uvinza. Chumvi ya Uvinza ilikuwa inachemshwa kwenye chemchemi za kule kando ya Malagarasi na kuuzwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa kabla wazungu hawajaja, watu wanaibeba kichwani siku kadhaa kwa miguu. Kama ufukwe wetu ungekuwa na chumvi, nani angejisumbua kwenda Uvinza?

Halafu kuna mvua. Kigoma inapata kama milimita 1,000 kwa mwaka. Tope la maji baridi likipata mvua halibaki uchi. Majani yanaota, matete yanaota, na mahali pa tope zito watu wanaingia na mpunga, kama mnavyoona Bonde la Luiche kusini mwa Ujiji, pale mto unapomwaga udongo wake ziwani. Ardhi yenye mizizi hairuki. Hakuna ofisi iliyoamuru hivyo mwaka 1890. Ilitokea tu kwa sababu ya aina ya maji.

Msidhani Afrika Mashariki yote ina bahati hiyo. Amboseli, pale mpakani na Kenya chini ya Kilimanjaro, ni ziwa kavu la aina ya Owens, na jina lenyewe linasemekana linatokana na neno la Kimaasai la vumbi la chumvi. Na jirani yetu Rukwa, lisilo na mlango, limekuwa likipanuka na kunywea vibaya sana. Nyanda zake za majani zinazofurika na kukauka zilitoa kitu kibaya kwa namna yake: nzige wekundu. Rukwa ilikuwa moja ya mazalio yao makubwa, mpaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti. Kwa hiyo ukisikia ziwa limerudi nyuma, uliza kwanza maji yake yalikuwa ya namna gani.

Sasa msije mkasema Ujiji hakuna vumbi. Lipo, na mimi limenilisha.

Bibi yangu anaanika dagaa. Mnaowanunua hapa sokoni kwa jina la "dagaa wa Kigoma" wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, wanaletwa alfajiri, wanaanikwa. Zamani wote walikuwa wanamwagwa kwenye mchanga wa ufukweni, yaani kwenye hiyohiyo sakafu ya zamani ya ziwa. Mchana upepo wa ziwani unaamka, mchanga unaruka, dagaa wanaula. Ndio mnaotafuna mkasema "huyu ana mawe." Dagaa wa mchanga bei yake ni ya chini, dagaa wa kichanja bei yake ni ya juu, na bibi alichelewa kupata vichanja kwa sababu mbao na wavu vinataka mtaji. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye dagaa wa mchanga. Nilikuwa nawageuza kwa reki nikiwa nimejifunga khanga mdomoni.

Nimesoma namna Los Angeles walivyodhibiti vumbi la Owens, kazi iliyoanza hasa mwaka 2000 baada ya kusukumwa na sheria, na nikacheka peke yangu maktaba. Njia zao kubwa zilikuwa tatu. Kutandaza maji ya kina kifupi juu ya sakafu ili isikauke. Kupanda majani yanayovumilia chumvi. Kumwaga kokoto. Baadaye, kufuatia makubaliano ya 2014 ya kupunguza matumizi ya maji, wakaongeza kulima matuta makubwa yanayovunja upepo. Hadi leo wametumia zaidi ya dola bilioni 2. Jiji lililochukua maji yote limelazimika kurudisha sehemu, na maji yenyewe yanamwagwa chini tu ili udongo utulie.

Nilichocheka ni kwamba bibi kila asubuhi kabla ya kufagia uwanja anachukua kata, ananyunyiza maji kwanza. Ukifagia bila kunyunyiza unasikia, "We mtoto, unatuua!" Sehemu ya kuanikia ameizungushia matete aliyokataa yasikatwe, ingawa majirani walimwambia yanaleta nyoka. Vichanja vyenyewe vinamwinua dagaa kutoka chini. Maji, majani, na kukiinua kitu juu ya mchanga. Tofauti ni bei.

Hapo ningeweza kuishia nikaonekana nimewapiga chenga Wamarekani. Lakini kuna upande wa pili ambao ndio ulionifanya nisilale, na unahusu mjomba.

Ziwa lenye mlango unaozibwa na kuzibuka halitulii. Baada ya kushuka kule kwa miaka ya 1890, Lukuga ilianza tena kujaa tope na majani, na maji yakapanda. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zikalipandisha zaidi, 1964 likafika kilele. Kisha likashuka tena, na watu wakashuka nalo. Mjomba, mdogo wake mama, alijenga kwenye ile sehemu ya chini, karibu kabisa na vichanja vya bibi. Matofali ya kuchoma, bati, vyumba vinne. Alikuwa anajisifia mchanga wa bure wa kujengea, anauchota mlangoni. Bibi, ambaye 1964 alikuwa msichana mdogo, alimwambia, "Hapo mimi nimewahi kuoga." Mjomba akasema mama, hayo mambo ya zamani.

Kuanzia 2020 maji yakaja. Si kwetu tu, Bujumbura, Uvira na Kalemie nao walilia. Yalikuwa yanapanda mpaka Mei kama kawaida ya kila mwaka, ila yakishuka Oktoba hayarudi yalipokuwa. Mei 2024 ziwa lilifika kiwango kinachokaribiana na kile cha 1964. Nilikuwa likizo. Tulitoa milango na mabati ya mjomba tukiwa tumesimama ndani ya maji ya magoti, samaki wadogo wanapita sebuleni. Mjomba hakusema kitu siku nzima. Jioni alikaa kwa bibi akaomba chai ya rangi, akaiacha ipoe.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tumeisoma mwaka wa kwanza, wote tukaandika kwenye mtihani "mita 60" tukapata alama. Hakuna aliyeuliza: kutoka ukingo wa mwaka gani? Ukipimia kwenye maji ya 1878, kumbukumbu ya Livingstone nayo ina kesi ya kujibu. Ukipimia kwenye maji ya 1894, nyumba ya mjomba ilikuwa halali na salama. Ukipimia 1964, au 2024, ilikuwa ziwani. Na kiwango chenyewe kinategemea sana hali ya mto ulioko nchi nyingine. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilitia saini mkataba 2003, mamlaka yake iko Bujumbura, na wazo la kuweka kizuizi kinachodhibitiwa pale Lukuga limezungumzwa miaka mingi. Kikiwepo, kitaamua nani Ujiji ana kiwanja na nani hana, na bibi yangu hata Kalemie hajawahi kufika.

Ila kuna jambo moja nina uhakika nalo, kwa kuwa limeshatokea mara mbili. Maji yatarudi nyuma tena. Yatakaporudi yataacha ukanda wa mchanga na tope, safari hii na vipande vya matofali na plastiki ndani yake. Chumvi haitakuwepo, kwa hiyo Owens hatutakuwa. Lakini ukanda ule ukipimwa viwanja siku ya kwanza, ukafyekwa matete, ukapitishwa bodaboda na malori ya mchanga, utakuwa uwanja wa vumbi kama njia ya kwenda hosteli yetu hapa. Ukiachwa misimu miwili mitatu utajifunika wenyewe kama ulivyojifunika kipindi kile. Mie ningeuacha. Waanika dagaa wapewe sehemu ya vichanja, wa mpunga wapate majaruba, nyumba zibaki juu. Ni rahisi kwangu kusema, nalala kwenye hosteli ya serikali.

Jana usiku mjomba kapiga simu. Mwezi wa tisa huu maji yamevuta nyuma kidogo, kama yanavyofanya kila kiangazi, na msingi wake umechomoza. Anasema kona mbili zimesimama imara kabisa. Anataka nimwandikie barua ya kupeleka serikali ya mtaa, ya kuomba atambuliwe kiwanja chake mapema kabla wengine hawajawahi, "kwa lugha nzuri ya chuo, mwanangu, wewe ndiye msomi wetu." Na huyu ndiye aliyeninunulia begi na godoro la kuja nalo huku. Nilimwambia nina tesiti, nitaandika wikiendi. Leo ni Jumapili, saa nne usiku, nimefungua karatasi nikaandika tarehe na "Yah:", nikaishia hapo nikaja kuwaandikia nyie.

Rumeti anakohoa, naenda kulowesha taulo nilitundike dirishani. Alamsiki.